Asiambiwe 'subiri ujifungue': Doa la mja mzito lipimwe mapema

Mama mja mzito anapokwenda kliniki katika nchi hii hupimwa mambo mengi. Hupandishwa kwenye mizani, hupimwa presha, hutolewa damu ili ijulikane kama anayo ya kutosha na kama ana kaswende au virusi vya Ukimwi, na mkojo wake hutazamwa kama una sukari au protini. Mkunga humpapasa tumbo, akasikiliza mapigo ya moyo wa mtoto, kisha akayaandika yote katika kijitabu cha afya ya mama na mtoto. Mambo hayo yameokoa maisha ya wengi na hakuna mwenye akili timamu atakayeyabeza. Hata hivyo, kuna kiungo kilicho kikubwa kuliko vyote katika mwili wa binadamu ambacho aghalabu hupita mbele ya macho ya mkunga bila kuulizwa habari. Kiungo hicho ni ngozi.

Hata pale mama mwenyewe anapoonyesha doa jeusi lililomtoka kwenye unyayo, au kinundu kinachotoa damu kila kikiguswa, jibu analopewa mara nyingi ni moja tu: "Hayo ni mambo ya mimba. Subiri ujifungue." Maneno hayo husemwa na mama mkwe, husemwa na jirani, na la kusikitisha zaidi ni kwamba husemwa pia na watu waliovaa koti jeupe.

Maoni yangu ni kwamba jibu hilo lafaa kukomeshwa. Doa linalotiliwa shaka kwa mja mzito linapaswa kukatwa na kupelekwa maabara wakati ule ule ambao lingekatwa kwa mwanamke asiye na mimba. Nitaeleza sababu zangu, nawe msomaji utapima mwenyewe.

NGOZI HUBADILIKA KWELI

Kwanza tuwatendee haki wale wanaosema ni mambo ya mimba. Ni kweli kwamba homoni za ujauzito huigeuza ngozi. Mstari mweusi huchorwa kutoka kitovuni hadi chini ya tumbo. Weusi unaozunguka chuchu huzidi na kupanuka. Madoa ya rangi ya kahawia hutanda mashavuni na kwenye paji la uso. Tumbo na mapaja hupata michirizi. Vinyama vidogo laini huota shingoni na makwapani. Akina mama wengine hutokwa na kinundu chekundu kwenye fizi au kidoleni, kinachotoa damu kwa urahisi, na ambacho mara nyingi hunywea chenyewe baada ya kujifungua.

Mabadiliko hayo ni ya kawaida na hayana madhara. Ndiyo maana anayesema "ni mambo ya mimba" husema kweli mara nyingi. Hatari imejificha papo hapo: mtu aliyezoea kusema kweli mara nyingi husadikiwa pia siku anapokosea.

Mabadiliko ya mimba yana tabia zake. Aghalabu hujitokeza pande zote mbili za mwili. Mashavu yote mawili huingia madoa, chuchu zote mbili hukolea weusi. Doa moja pekee linalokua upande mmoja, lenye rangi mchanganyiko na mpaka usionyooka, halifuati kanuni hiyo. Yapo pia madoa ya zamani yaliyo tumboni na matitini, ambayo huweza kutanuka kidogo kwa sababu ngozi yenyewe imevutika. Lakini doa lililo mgongoni, mguuni au chini ya kucha lina sababu gani ya kutanuka? Ngozi ya unyayo haivutwi na tumbo.

KANSA AMBAZO HATUZITAZAMII

Wengi wetu tunaamini kwamba kansa ya ngozi ni ugonjwa wa wazungu wanaoota jua ufuoni. Imani hiyo ina ukweli nusu. Melanoma, ambayo ni kansa kali inayoanzia katika chembe zinazotengeneza rangi ya ngozi, huwapata watu weupe mara nyingi zaidi kuliko weusi. Kwao ni miongoni mwa kansa zinazoonekana sana kwa waja wazito. Kwetu ni adimu. Lakini ikitujia, haiji pale tunapoitazamia. Kwa mtu mweusi melanoma hupenda mahali ambapo ngozi haina weusi mwingi na ambapo jua halifiki: kwenye unyayo, kiganjani na chini ya kucha.

Mwanamuziki mashuhuri wa reggae, Bob Marley, alipatikana na aina hiyo ya melanoma mwaka wa 1977 chini ya ukucha wa kidole gumba cha mguu. Kidonda kile kilikuwa kimedhaniwa kuwa jeraha la kandanda. Alifariki tarehe 11 Mei 1981, akiwa na umri wa miaka 36. Kama mtu aliyejulikana dunia nzima aliweza kudhani kansa ni jeraha la mpira, mama wa kijijini anayetembea shambani kila siku atadhani nini? Atadhani amechomwa na mwiba. Atadhani ni funza, na huenda akachokoa kwa pini. Atadhani ni sugu ya kiatu au chunjua. Akiwa na mimba, dhana ya tano huongezwa juu ya hizo nne.

Ipo kansa nyingine adimu ambayo wataalamu huiita dematofibrosakoma. Usiogope jina lake refu. Hiyo huanza kama bamba gumu au kinundu katika ngozi, mara nyingi kifuani, mgongoni, tumboni au mabegani, na hukua polepole kwa miaka. Kwa macho hufanana mno na kovu lililofura, yaani kiloidi, ambalo sisi Waafrika tunalifahamu sana. Kansa hii ni nadra kusambaa hadi viungo vya mbali, lakini hupeleka mizizi pembeni chini ya ngozi, hivyo ikikatwa kijuujuu hurudi. La muhimu kwetu leo ni kwamba imeonekana kukua kwa kasi zaidi wakati wa ujauzito. Kwa kuwa makovu ya kiloidi nayo huweza kukua mimbani, mama huambiwa, "Kovu lako limeamshwa na mimba." Swali la kuuliza ni rahisi: jeraha lilikuwa wapi? Kovu ambalo halikutanguliwa na jeraha linastahili kuchunguzwa.

Kuna pia Kaposi, ambayo kwa kweli si adimu Afrika Mashariki. Ilielezwa mara ya kwanza mwaka wa 1872 na daktari Moritz Kaposi wa mjini Vienna, na virusi vinavyoisababisha, HHV-8, viligunduliwa mwaka wa 1994. Kwa mtu mweusi hujitokeza kama mabaka au vinundu vya rangi ya zambarau iliyokolea au kahawia nyeusi, na mara nyingi huvimbisha mguu. Na nani asiyejua kwamba miguu ya waja wazito huvimba? Hapo ndipo ugonjwa unapopata pazia la kujifichia. Lakini uvimbe wa kawaida wa mimba hushika miguu yote miwili na hupungua mama akilala na kuiinua. Mguu mmoja uliovimba ukawa mgumu, ukiwa na mabaka juu yake, ni habari nyingine. Na mguu mmoja ukivimba ghafla kwa maumivu, hata bila baka lolote, mama afikishwe hospitalini siku hiyo hiyo, kwani huenda damu imeganda ndani ya mshipa.

Mwisho, tusimsahau mama mwenye ualbino. Yeye hana kinga ya rangi, na kansa zinazotokana na jua humpata usoni, masikioni, shingoni na mikononi akiwa bado kijana. Kidonda kisichopona kwa mwezi mzima kwa mama huyo kisihesabiwe kamwe kuwa mambo ya mimba.

HESABU YA KUNGOJA

Hebu tupige hesabu pamoja. Tuseme mama ameliona doa katika wiki ya 12 ya mimba. Ameambiwa asubiri. Mimba ni wiki 40, hivyo amebakiwa na wiki 28. Akijifungua salama hupewa wiki sita ili mwili urudi. Hizo ni wiki 34, karibu miezi minane. Baada ya hapo ana mtoto mchanga mgongoni, anaamka usiku kunyonyesha, ana watoto wengine wa kupeleka shule, na nauli ya kwenda hospitali ya rufaa haijapatikana. Nani atakayemkumbusha habari za doa? Kliniki ya baada ya kujifungua ina shughuli ya chanjo na uzito wa mtoto. "Subiri ujifungue" hugeuka kuwa "subiri hadi uugue."

Kwa melanoma, kungoja kuna kipimo kinachoeleweka. Tangu mwaka wa 1970, daktari Alexander Breslow wa Marekani alipoonyesha njia yake, wataalamu hupima unene wa ugonjwa kwa milimita chini ya darubini, kuanzia juu ya ngozi hadi pale ulipozama ndani. Ukikamatwa ungali katika tabaka la juu kabisa, karibu wagonjwa wote hupona kwa kukatwa tu. Ukiwa haujafika milimita moja, matumaini bado ni makubwa. Kila milimita inayoongezeka hupunguza matumaini hayo, kwa maana ugonjwa huanza kufikia mishipa ya damu na ya limfu, na kutoka huko huenda kwenye tezi, mapafu, ini na ubongo. Doa lile lile ambalo lingetolewa kwa sindano ya ganzi na nyuzi chache hugeuka kuwa jambo la kukata kidole, kisha la dawa ambazo bei yake wananchi wengi hawaiwezi.

HOFU YA KISU

Sababu kubwa inayotolewa ya kungoja ni hofu juu ya mtoto. Mume husema, "Usimkate mke wangu, mimba itatoka." Hofu hiyo inatokana na upendo, kwa hivyo tusiicheke. Tuijibu.

Kukata kipande cha ngozi kwa uchunguzi ni kazi ndogo ifanywayo mgonjwa akiwa macho. Hutumika ganzi iitwayo lignokeini, ambayo inajulikana kuwa salama kwa mja mzito ikitumiwa kwa kipimo kinachofaa, na ndiyo hiyo hiyo ambayo mkunga hutumia anapomshona mama aliyechanika wakati wa kujifungua. Kazi hiyo yaweza kufanywa katika mwezi wowote wa mimba. Katika miezi ya mwisho jambo la kuzingatia ni namna ya kumlaza: mama aegemezwe kwa ubavu wake wa kushoto, ili uzito wa tumbo usibane mshipa mkubwa unaorudisha damu moyoni.

Wengine huogopa kwamba kansa "ikiguswa na chuma" husambaa. Fununu hii imezika watu wengi. Watu huiamini kwa kuwa wamewaona jamaa zao wakikatwa leo na kufa baada ya miezi michache, bila kujua kwamba waliofikishwa kwa daktari walikuwa tayari wamesambaa ugonjwa mwilini. Kisu hakikuueneza. Kilichelewa.

Wapo pia wanaosema hakuna haja ya kupima kwa sababu mimba yenyewe huizidisha melanoma, na mama huyo hana tumaini. Katika miaka ya 1950 baadhi ya madaktari huko ng'ambo walikuwa na mawazo ya namna hiyo, yakitegemea idadi ndogo ya wagonjwa. Lakini mwaka wa 2004 ulichapishwa uchunguzi mkubwa wa kumbukumbu za nchi ya Sweden, uliowalinganisha wanawake 185 waliopatikana na melanoma wakiwa waja wazito na wengine zaidi ya 5,000 wa umri wa kuzaa ambao hawakuwa na mimba. Baada ya kuzingatia unene wa ugonjwa na mambo mengine, mimba haikuonekana kupunguza uwezekano wao wa kuishi. Wapo watafiti ambao bado wanajadiliana juu ya suala hili, lakini jambo moja halijadiliwi: unene wa ugonjwa siku unapogunduliwa ndio unaoamua mengi. Kwa maneno mengine, kuchelewa ndiko adui wa kuogopwa zaidi. Wala haijathibitika kwamba kutoa mimba humwongezea mama mwenye melanoma maisha.

Na je, mtoto tumboni aweza kuambukizwa? Melanoma ndiyo kansa inayoongoza miongoni mwa zile chache zinazoweza kufika kwenye kondo la nyuma, hata kwa mtoto. Hata hivyo hutokea kwa nadra mno, na kwa kawaida ni pale ambapo ugonjwa wa mama umekwisha kusambaa. Ndiyo sababu mama aliye katika hali hiyo anapojifungua, kondo linapaswa kupelekwa kwa mtaalamu wa patholojia, na mtoto kufuatiliwa. Hoja hiyo nayo yatusukuma upande ule ule: mapema ndio usalama wa wote wawili.

Hata vipimo vinavyofuata vina njia yake. Picha ya ultrasaundi haina mionzi. Eksirei ya kifua humpa mtoto mionzi kidogo sana, nayo yaweza kupigwa kukiwa na sababu nzuri. Picha za MRI zaweza kupigwa bila kudungwa dawa ya kung'arisha picha. Kinachoepukwa ni vipimo vyenye mionzi mingi kwenye tumbo, pamoja na baadhi ya dawa za kansa, na hayo huamuliwa na daktari wa kansa akiketi pamoja na daktari wa uzazi. Hakuna anayeombwa achague kati ya mama na mtoto siku ya kukata kipande cha ngozi. Siku ya uchaguzi mgumu huja pale tulipochelewa.

TUTAJAZA HOSPITALI?

Nasikia sauti ya mganga mkuu wa kituo fulani akiuliza: "Je, tuwakate waja wazito wote wenye madoa? Wauguzi ni wachache, foleni ni ndefu, na kansa unazozitaja ni adimu." Swali hilo ni la haki. Ugonjwa adimu haufai kuleta fujo katika kituo ambacho mama mwingine yuko karibu kujifungua. Lakini hatuhitaji kumkata kila mtu. Tunahitaji chujio, na chujio hilo ni macho na maswali machache ambayo hayagharimu shilingi.

Mama apelekwe mbele ikiwa ana mojawapo ya mambo haya:

Doa au kinundu kimoja kinachobadilika umbo, ukubwa au rangi kutoka mwezi mmoja hadi mwingine.

Doa jeusi kwenye unyayo au kiganja ambalo halikuwako, hasa likizidi milimita sita, ambayo ni karibu upana wa kifutio cha penseli.

Kidonda cha ngozi, mahali popote, ambacho hakijapona baada ya wiki nne za matibabu.

Kinundu kinachotoa damu bila kuumizwa, hata kama si cheusi. Melanoma nyingine hazina weusi wowote, hivyo "chekundu" hakimaanishi salama.

Kovu linalokua mahali ambapo hapakuwa na jeraha.

Mstari mweusi katika ukucha mmoja unaozidi kupanuka, hasa weusi huo ukimwagikia ngozi inayozunguka ukucha. Dalili hiyo ya mwisho huitwa kwa jina la daktari Mwingereza wa karne ya 19, Jonathan Hutchinson.

Kuhusu kucha kuna ujanja mmoja mzuri. Sisi watu weusi wengi tuna mistari ya asili kwenye kucha kadhaa, na hiyo haina neno. Damu iliyovilia kwa kujikwaa nayo huonekana nyeusi. Lakini damu husogea mbele pamoja na ukucha unavyokua. Ukucha wa mguu hukua kwa zaidi kidogo ya milimita moja kwa mwezi. Ukiona weusi huo baada ya miezi miwili haujasogea kutoka shinani, hiyo si damu ya kujikwaa. Na kama mstari unapanuka, usingoje hata hiyo miezi miwili.

Ukipitisha waja wazito mia katika chujio hilo, wengi wataondoka na tabasamu wakiwa wamehakikishiwa kwamba madoa yao ni ya kawaida. Wachache watapelekwa mbele. Kituo hakitafurika.

TUFANYE NINI?

Kwa wakunga na maafisa wa kliniki ombi langu ni la dakika mbili. Mama anapokwenda kliniki mara ya kwanza, avue viatu. Mtazame nyayo, katikati ya vidole, kucha na viganja, kisha umwulize: "Kuna doa lolote mwilini linalokusumbua au linalobadilika?" Jibu liandikwe kijitabuni pamoja na ukubwa wa doa kwa milimita, ili muuguzi wa zamu nyingine aweze kulinganisha. Shirika la Afya Duniani limependekeza tangu mwaka wa 2016 kwamba mja mzito aonwe angalau mara nane. Hakuna wakati mwingine katika maisha ya mwanamke mwenye afya ambapo hukutana na mtaalamu mara nyingi hivyo. Ni fursa ambayo hatupaswi kuipoteza.

Mnapokata, msikitupe mlichokikata. Kinyama kilichotolewa kikatupwa kwenye ndoo ya takataka ni ushahidi uliochomwa. Kila kipande kitiwe katika kichupa chenye fomalini, kiandikwe jina la mgonjwa na mahali kilipotoka, na karatasi ya maabara itaje kwamba mgonjwa ni mja mzito wa wiki kadhaa. Mtaalamu wa patholojia anahitaji kujua hilo, kwa sababu hata madoa yasiyo na hatia huweza kuonyesha chembe nyingi zinazogawanyika wakati wa ujauzito. Doa linalotiliwa shaka lisichomwe kwa umeme wala kwa dawa, na kovu la ajabu lisidungwe sindano za kiloidi, kabla halijajulikana ni nini.

Kwa serikali kuu na za kaunti: tangu Oktoba 2024, Mamlaka ya Afya ya Jamii, SHA, ilipochukua mahali pa NHIF, wananchi wameambiwa kwamba afya ya mama ni jambo la kwanza. Vizuri. Basi kukata kipande na kukisoma maabarani vihesabiwe kuwa sehemu ya huduma ya mja mzito, visiwe anasa ya mwenye nacho. Wataalamu wa patholojia na wa ngozi wamejazana mijini. Lakini si lazima kila kaunti ngojee daktari bingwa. Huko Moshi, nchini Tanzania, kituo cha mafunzo ya magonjwa ya ngozi kimekuwa kikiwafundisha maafisa wa kliniki wa eneo letu tangu mwaka wa 1992. Afisa mmoja aliyefunzwa vyema kukata na kutambua anaweza kuifaa kaunti nzima, na kichupa kikasafirishwa kwa gari lile lile linalobeba sampuli nyingine.

Nawe dada unayesoma makala haya ukiwa na mimba, jitazame. Najua katika miezi ya mwisho tumbo limekuzuia kuona miguu yako. Tumia kioo, au mwombe mumeo, dada yako au binti yako akutazame nyayo na mgongo. Wahenga walisema mficha uchi hazai. Basi usimfiche mkunga kilicho ndani ya soksi. Usilipake doa hilo krimu za kung'arisha ngozi. Nyingine zina zebaki, ambayo hudhuru figo zako na ubongo wa mtoto, na zaidi ya hayo huweza kufubaza rangi ambayo daktari angeitumia kuutambua ugonjwa. Usilichanje, usilifunge uzi, wala usilichokoe kwa pini.

Ukiambiwa "subiri ujifungue", uliza kwa adabu maswali matatu. Je, unalijua doa hili kuwa ni nini? Umelijuaje bila kulipima? Na kama nisingekuwa na mimba, ungelikata? Ikiwa jibu la swali la tatu ni ndiyo, basi omba barua ya kwenda hospitali kubwa siku hiyo hiyo. Na ukikatwa, usiridhike kwamba kidonda kimepona. Rudi uchukue majibu. Kama mmepewa kichupa mkipeleke maabara wenyewe, hakikisheni kimefika na mmepewa stakabadhi.

Nanyi waume, mimba si ya mama peke yake. Nauli ya kwenda hospitali ya rufaa leo ni ndogo kuliko gharama ya mazishi na ya kumlea mtoto asiye na mama.

Wengi wa wale watakaoyafuata haya wataambiwa kwamba hawana neno, na watarudi nyumbani kusubiri watoto wao kwa furaha. Watakuwa hawajapoteza kitu ila nusu siku na nyuzi mbili tatu za mshono. Lakini yuko mmoja kati yao ambaye hizo nyuzi mbili tatu ndizo zitakazomwezesha kumwona mtoto wake akienda shule. Hatumjui ni nani, na hatuna njia nyingine ya kumjua ila kutazama na kupima.